Achanjwe au asichanjwe? Kisa cha mjamzito aliyewahi kupoteza mimba baada ya chanjo ya mafua

Mama huyu ana miaka 31, ni mwalimu wa watoto wa chekechea, na ujauzito wake una wiki 11. Ni ujauzito wa pili. Wa kwanza uliharibika mwaka jana ukiwa na wiki 9, na wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amechomwa chanjo ya mafua. Ana pumu, si kali, lakini akishikwa na kifua haimwachi haraka. Msimu wa mafua ndio kwanza unaanza. Darasani kwake tayari watoto wanakohoa, na wengine hawajaonekana shuleni kwa siku kadhaa. Yeye mwenyewe mwaka huu bado hajachanjwa, na ndilo swali lililomleta kwangu: achanjwe au asichanjwe?

Jibu la kitabuni lina mstari mmoja tu. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani linawataja wajawazito kuwa kundi la kupewa kipaumbele katika chanjo ya mafua, na chanjo hiyo hutolewa katika umri wowote wa mimba. Lakini mstari huo alikwisha kuusikia. Kabla ya kuja kwangu alimuuliza mhudumu mmoja wa afya, akajibiwa, "Ni salama, chanja tu," huku kadi yake ikigongwa mhuri. Jibu halikuwa la uongo, ila halikugusa kilichokuwa kinamsumbua. Mwanamke aliyepoteza mimba baada ya sindano haulizi habari za wajawazito kwa jumla. Anauliza kama ni yeye aliyejitakia msiba wake, na kama anataka kuurudia. Wakunga tunapolipita swali hilo kwa haraka, mama huondoka akiwa amekubali kwa mdomo tu, na siku ya chanjo haji.

Kwa hiyo tulianza na ugonjwa wenyewe, maana alikuwa akiupima kwa kipimo cha kamasi na kupiga chafya. Ugonjwa ambao chanjo ya mafua huukinga ni influenza, na virusi vya influenza si mafua ya siku tatu. Mtu huangushwa ghafla: homa kali, mwili mzima kuuma, kichwa kugonga, kifua kubana. Kwa mjamzito mzigo ni mkubwa zaidi. Mfuko wa uzazi unavyokua unasukuma kiwambo cha kifua juu na kuyabana mapafu, wakati ule ule mwili unahitaji oksijeni zaidi kuliko kawaida. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi. Kinga nayo inabadilika ili mwili umvumilie mtoto, ambaye nusu ya asili yake ni ya mtu mwingine. Ndiyo maana nimonia humshika mjamzito upesi. Katika milipuko mikubwa ya 1918, 1957 na 2009 wajawazito walikufa kuliko uwiano wao. Mwaka 2009 nchini Marekani walikuwa karibu asilimia 1 tu ya watu wote, lakini miongoni mwa waliokufa kwa H1N1, aina ya influenza iliyoleta mlipuko huo, walikuwa karibu asilimia 5.

Mimba nayo haibaki salama. Influenza kali huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au kufia tumboni, na homa kali katika wiki za mwanzo imehusishwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Ongeza pumu. Ongeza darasa la watoto wadogo, ambao huambukizana kwa kasi na hawajui kuziba mdomo wanapokohoa. Mwalimu huyu anawainamia mmoja mmoja, anawafuta pua, anawafunga viatu. Nilimwambia wazi kwamba miongoni mwa wajawazito ninaowaona, yeye yuko karibu zaidi na hatari kuliko wengi.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu.

Kwenye simu alikuwa amehifadhi habari ya utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017. Huo ndio uliokuwa ukimnyima usingizi, na sikutaka kuupuuza, kwa sababu ni utafiti wa kweli uliofanywa na watu makini. Watafiti waliwachukua wanawake 485 ambao mimba zao ziliharibika na wengine 485 ambao mimba zao ziliendelea, wakatazama nani alikuwa amechanjwa ndani ya siku 28 zilizotangulia, katika misimu ya 2010–11 na 2011–12. Walikuta uhusiano. Na uhusiano huo ulikuwa mkubwa kwa kundi moja hasa: wanawake waliokuwa wamechanjwa misimu miwili mfululizo kwa chanjo yenye H1N1. Mama huyu alipoisoma sentensi hiyo alijiona yeye. Kwa kuwa ni mwalimu, alikuwa amechanjwa msimu wa mimba iliyoharibika na msimu uliotangulia. Akichanjwa sasa, itakuwa mfululizo tena.

Kile ambacho habari ile ya simuni haikumwambia ni kwamba kundi hilo la hatari lilikuwa na wanawake wachache sana. Kundi likiwa dogo, bahati tu inaweza kuonekana kama sababu. Watafiti wenyewe walisema kwamba matokeo yao hayathibitishi kuwa chanjo inaharibu mimba, wakataka kazi irudiwe kwa watu wengi zaidi. Ikarudiwa. Timu hiyo hiyo ilichukua misimu mitatu iliyofuata, 2012–13 hadi 2014–15, ikawa na jozi zaidi ya 1,200, na safari hii ikawatazama kwa makusudi waliochanjwa misimu miwili mfululizo. Matokeo yakatoka mwaka 2019: hakuna uhusiano, si kwa wote kwa jumla wala kwa kundi lile lililotia hofu.

Habari ya 2017 ilisambaa sana, ile ya 2019 haikusambaa hivyo. Hilo linanikera kila ninapokutana na mama ambaye kwa miaka ameishi akijua nusu ya kwanza tu ya hadithi. Hofu hupata wasambazaji, utulivu haupati.

Bado lilibaki swali la mimba yake mwenyewe. Takwimu za jozi 1,200 za wanawake hazimfuti machozi aliyempoteza mmoja. Nikamwomba karatasi ya kipimo cha mwaka jana, kama anayo. Alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya kadi ya zamani ya kliniki. Tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Picha ya ultrasaundi ilipigwa siku damu ilipoanza kutoka, wiki ya 9 kwa hesabu ya hedhi yake ya mwisho, na mzunguko wake haubadiliki. Mapigo ya moyo: hayakuonekana. Ukubwa wa kiini cha mimba: wiki 6.

Sindano alichomwa akiwa na wiki 7.

Nikamwacha ahesabu mwenyewe. Mimba ile ilikuwa imeacha kukua karibu wiki moja kabla ya chanjo. Damu ndiyo iliyochelewa kutoa taarifa. Hilo hutokea mara nyingi, kwamba mimba husimama kimya na mwili hukaa siku au hata wiki kadhaa bila kujua. Vipimo vya umri huo vinaweza kukosea kwa siku chache, na hilo nililisema. Lakini hapa pengo lilikuwa zaidi ya siku chache. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nesi, mwaka mzima nimekuwa nikiitazama ile sindano."

Si kila mama atakuwa na karatasi inayosema hivyo, na nisingependa msomaji adhani jibu lilitegemea bahati hiyo. Hata kama karatasi ingeonyesha ukubwa wa wiki 9 kamili, ushauri wangu usingebadilika. Kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 hivi huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12, na karibu nusu ya hizo ni kwa sababu ya kromosomu zilizokosa mpangilio tangu siku mbegu na yai vilipokutana. Wachanje wajawazito wengi katika miezi mitatu ya kwanza, na baadhi yao watapoteza mimba wiki ile ile, kama ambavyo baadhi wangepoteza bila sindano. Kutangulia si kusababisha. Karatasi ilimsaidia moyoni, lakini hoja ilisimama bila karatasi.

Nyumbani kulikuwa na sauti nyingine mbili. Mume wake alikuwa upande wake kwa namna ambayo haikumsaidia: "Uamuzi ni wako, mke wangu." Alimaanisha heshima, lakini mke aliisikia kama kuachwa peke yake na lawama yoyote itakayokuja. Nilipokutana na mume nilimwomba aseme anachofikiri. Alifikiri achanjwe, na alikuwa anaogopa kusema asije akaonekana amemlazimisha. Walihitaji tu kuyasema hayo wakiwa wamekaa pamoja.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na msimamo. Alimsindikiza mkwewe siku ya pili, akakaa, akanieleza kwa upole kwamba mimba haichezewi na kwamba wao walizaa bila chanjo za mafua. Sikubishana naye. Nilimuuliza, "Mama, ulipokuwa mjamzito, hukuchomwa sindano ya pepopunda?" Alichomwa, na alikuwa akiijua hata kazi yake: kumkinga mtoto asipate pepopunda ya kitovu. Nikamwambia njia ni ile ile. Mama anachanjwa, mwili wake unatengeneza kingamwili, kingamwili zinavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Chanjo ya mafua ya sindano haina virusi hai, hivyo haiwezi kumpa mtu influenza. Ile ya kupuliziwa puani ndiyo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo mjamzito hapewi. Hakusema kwamba amekubali. Alisema tu, "Basi iwe ya sindano, si ya pua." Kwangu hiyo ilitosha.

Mama mwenyewe aliuliza pia kuhusu zebaki. Baadhi ya vichupa vya dozi nyingi huwekwa thiomesali, kihifadhi chenye aina ya zebaki ambayo mwili huitoa haraka kuliko ile inayopatikana katika samaki wakubwa, na haijaonekana kudhuru mimba. Chanjo za dozi moja kwa kawaida hazinayo. Mwenye wasiwasi aulize kama ipo ya dozi moja, ila asikose chanjo kwa kuingojea.

Likabaki suala la wakati, na hapa ndipo nilipofikiri zaidi kuliko mahali pengine. Hoja ya kutochanjwa kabisa ilikuwa imekwisha; alichotaka sasa ni kusubiri mpaka apite wiki ya 13. Kitabibu, hakuna sababu ya kusubiri. Mwili huchukua karibu wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo kila wiki anayoahirisha ni wiki nyingine ya kuwainamia watoto wanaokohoa akiwa hana kinga. Barakoa na kunawa mikono hupunguza hatari, lakini barakoa haidumu usoni kwa mwalimu anayefundisha kuimba.

Kwa upande wa pili nilijua kitu kimoja. Kama angechomwa leo na kwa bahati mbaya mimba ikaharibika kesho kutwa kwa sababu isiyohusiana kabisa, hakuna utafiti ambao ungemwondolea hatia. Angeibeba maisha yake yote, na pengine asingemruhusu hata mwanawe wa baadaye kuchanjwa. Sababu hiyo haimo katika mwongozo wowote, ni ya kibinadamu, na niliipa uzito wake. Tukakubaliana apigwe ultrasaundi kwanza. Akapata nafasi akiwa na wiki 12. Mtoto alikuwa na ukubwa wa wiki 12, moyo unapiga, mikono inatembea. Mapigo yakionekana katika umri huo, uwezekano wa mimba kuharibika unakuwa umeshuka sana. Akachanjwa siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka, mililita 0.5 kwenye msuli wa bega la kushoto, kwa sababu analala ubavu wa kulia. Kama shuleni kungekuwa na mlipuko wa wazi, nisingekubali kungoja hata siku hizo chache, na nilikuwa nimemwambia hivyo.

Bega lilimuuma siku mbili. Usiku wa kwanza joto lilipanda kidogo, akameza parasetamoli, asubuhi likawa limeshuka.

Kuna faida moja ambayo sikumnadia, ingawa kwa wajawazito wengine ndiyo ninayoanza nayo. Mtoto hawezi kuchanjwa dhidi ya influenza kabla ya kufikisha miezi 6, na kinga kubwa anayoweza kuwa nayo ni ile aliyopewa na mama yake tumboni. Majaribio yamelionyesha hilo. Nchini Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, influenza iliyothibitishwa maabara ilipungua kwa asilimia 63 kwa watoto wa mama waliochanjwa. Huko Mali kinga ilikuwa imara katika miezi 4 ya kwanza, kisha ikafifia. Afrika Kusini chanjo ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto. Lakini kingamwili hupungua kadiri siku zinavyopita. Mama huyu alichanjwa akiwa na wiki 12, na mtoto wake atazaliwa miezi 6 na zaidi baadaye, msimu ukiwa umekwisha. Angekuwa na wiki 28 ningemwambia kwamba sindano moja inawatumikia wawili. Kwa kalenda yake, sindano hii ilikuwa hasa ya kumlinda yeye na mimba yenyewe. Maeneo ya karibu na ikweta, ambako influenza haina msimu mmoja ulio wazi na inaweza kuzunguka mwaka mzima, hesabu ingekuwa tofauti. Nadhani mama anayeambiwa faida ambayo hatapata, siku akigundua, anaacha kuamini hata zile za kweli.

Akiwa na wiki 23, katikati ya msimu, alipata influenza.

Ndiyo, baada ya chanjo. Aliamka na homa ya nyuzi 38.6, mwili unauma, kifua kimeanza kufanya mluzi. Nilikuwa nimemwelekeza kwamba homa yoyote isingojewe mpaka kesho, akaja asubuhi hiyo hiyo. Kipimo kilithibitisha. Akaanzishiwa oseltamiviri, dawa ya kupambana na virusi vya influenza, siku ile ile, miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48, na mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Parasetamoli kwa homa, dawa ya kuvuta ya pumu kama kawaida yake, maji mengi, na maelekezo ya kurudi mara moja akishindwa kupumua vizuri au mtoto akipunguza kucheza. Homa ilikwisha siku ya tatu. Hakulazwa. Mtoto aliendelea vizuri.

Mama mkwe aliuliza swali ambalo kila mtu angeliuliza: "Si ulichanjwa?" Lilimchoma, na akaniletea.

Hakuna aliyewahi kumwahidi kwamba hataugua. Utafiti uliokusanya misimu ya 2010 hadi 2016 kutoka Australia, Canada, Israel na Marekani ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza uwezekano wa mjamzito kulazwa kwa influenza kwa asilimia 40 kwa wastani. Maana yake, pale ambapo wajawazito 10 wangelazwa, wanalazwa 6. Si ukuta, lakini wale 4 ni watu, na kila mmoja ana mtoto tumboni. Kwake binafsi hatuwezi kujua kama angelazwa bila chanjo. Labda angepona vile vile. Labda angekuwa kwenye mashine ya oksijeni. Nilikataa kumwambia kwamba chanjo ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa silijui hilo, kama nilivyokataa mwanzoni akubali kwamba chanjo ndiyo iliyoua mimba yake ya kwanza. Ni kosa lile lile limegeuzwa upande. Uamuzi alioufanya katika wiki ya 12 unapimwa kwa yale yaliyojulikana katika wiki ya 12: pumu, darasa, msimu unaoanza, ugonjwa unaowaumiza wajawazito kuliko wengine, na sindano ambayo madhara yake ya kawaida ni bega kuuma. Kwa kipimo hicho alichagua vizuri, na angekuwa amechagua vizuri hata kama angelazwa.

Kilichobaki ni mtoto. Atazaliwa msimu ukiwa umekwisha, na msimu ujao utakapofunguka atakuwa na miezi 5, hajafikia umri wa chanjo na ile kinga ya mama yake ikiwa imefifia sana. Mwezi huo mmoja watakaomlinda ni walio karibu naye. Mama atachanjwa tena, maana chanjo ya mafua ni ya kila msimu na kunyonyesha hakuizuii. Mume amekubali. Mama mkwe, ambaye ndiye atakayekaa na mtoto mama akirudi kazini, aliniuliza kama chanjo hiyo hutolewa na kwa watu wa umri wake. Nikamwambia kwamba wazee nao wamo kwenye orodha ya kipaumbele, na kwamba kwake ni kinga ya wawili, yeye na mjukuu. Akifikisha miezi 6 mtoto mwenyewe ataanza: dozi mbili katika msimu wake wa kwanza, zikipishana kwa wiki 4 au zaidi.